Safari Isiyo na Udhuru: Wanawake wa Magwagwa na Mji wa Kale wa Mombasa

Safari ya kujifunza ni safari ya mtu anayetoka kwake kwenda ugenini ili aone na aelewe, bila biashara ya kufanya, mgonjwa wa kumtazama wala msiba wa kuhudhuria. Inapofanywa na wanawake wachache, kwa mwendo wa taratibu, katika mji wenye historia ndefu, huzusha swali ambalo wanadini na wanafalsafa wamelijadili kwa karne nyingi: je, mwanamke anahitaji udhuru ndipo aondoke nyumbani? Swali hili lina uzito wa pekee Magwagwa, wadi iliyo pembeni mwa Kaunti ya Nyamira, ambako vilima vya Abagusii huteremka kuelekea Mto Sondu na nchi za Wajaluo na Wakipsigis.

Wanawake wa Magwagwa husafiri, tena sana. Huenda sokoni Sondu na ndizi, mahindi na mboga, wakauziana na majirani wa lugha nyingine. Huenda hospitali na watoto, huenda kwao kuwatazama wazazi, huenda kwa binti aliyejifungua. Msiba ukitokea mbali, hukodi matatu na kukesha njiani. Waadventista, ambao ni wengi katika milima hii, huenda makambi kila mwaka, wakakaa siku kadhaa wakisikiliza mahubiri na kulala pamoja na watu wa makanisa mengine. Wakatoliki huenda kuhiji Subukia, na wenye uwezo huvuka mpaka hadi Namugongo, Uganda, kwa sikukuu ya mashahidi tarehe 3 Juni. Kila safari kati ya hizo ina jina lake, na jina hilo ndilo ruhusa. Mama akiulizwa anakwenda wapi, ana jibu linalofunga mdomo wa muulizaji. Safari ya kwenda kuona mji tu, kukaa humo siku nne au tano na kuuliza maswali, haina jina la namna hiyo. Anayeitaja hujikuta akiitafutia nyingine ya kuifunika: semina, mkutano wa kanisa, dawa za macho.

Udhuru huo unatakiwa kwa mtu ambaye, kwa desturi ya Abagusii, ndiye msafiri wa kwanza katika jamii. Abagusii huoa nje ya ukoo. Mwanamume huzaliwa kwenye kilima, hurithi shamba kwenye kilima hicho na huzikwa humo. Mwanamke ndiye anayefunga mizigo, anayeingia katika nyumba ya watu wasiomjua, anayejifunza upya ni nani wa kusalimiwa na ni nani wa kuepukwa kwa heshima, na ni jina lipi lisilotajwa mbele ya baba mkwe. Kabla hajafikisha miaka thelathini, huwa amekwisha kuishi katika nchi mbili ndogo na kuzilinganisha. Uzoefu huo ni elimu ya ugeni, na wanaume wengi hawaupati mpaka waende kazini mjini. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba kutembea si desturi yake ni kusahau jinsi alivyofika pale alipo.

Pwani, uliko mji wa Mombasa, nayo si ngeni kwa historia ya Abagusii, ila iliwafikia kwa mlango mbaya. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia vijana wengi wa magharibi mwa Kenya walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi. Wafuasi wa dini ya Mumbo, iliyoenea Ugusii tangu miaka ya 1910, waliwatia hofu watawala, na baadhi ya viongozi wao walipelekwa uhamishoni pwani ya kaskazini. Mbele ya hao wote alikuwa ametangulia mwanamke ambaye hakuhitaji kusafiri ili asikike: nabii Moraa Ngiti, ambaye maneno yake yalimchochea Otenyo kumchoma mkuki mtawala wa wilaya, Northcote, mwaka 1908. Baadaye wanaume walishuka pwani kwa kazi za bandarini na katika mashamba ya katani. Wanawake waliwafuata wakiwa wake. Kwenda pwani kwa hiari, kwa kutaka kujua, ni jambo la juzi.

Kwa Mwadventista, mazungumzo juu ya mapumziko huanzia kwenye Sabato. Amri ya nne, kama ilivyo katika Kutoka sura ya 20, huorodhesha wanaotakiwa kupumzika: mwenye nyumba anayeambiwa, mwanawe, binti yake, mtumwa, mjakazi, mifugo, na mgeni aliye malangoni. Mke hatajwi. Wafafanuzi husema kwamba mke yumo ndani ya neno la kwanza, lile linalomwambia mwenye nyumba, na kwa sarufi na kwa teolojia hoja hiyo inasimama. Hata hivyo, kimya hicho kimekuwa na maisha yake majikoni. Nyumba nyingi za Magwagwa hupika Ijumaa kabla jua halijatua ili Jumamosi pasiwe na kazi, na anayepika maradufu siku hiyo ni yuleyule mama. Jumamosi wageni wakija kutoka kanisani, chakula kilichopikwa jana lazima kipashwe moto na kupakuliwa, na vyombo vioshwe. Amri imempumzisha punda. Kama imempumzisha mama ni jambo ambalo kila nyumba hujibu kivyake.

Hapo ndipo safari inapoingia kama swali la dini. Kama pumziko ni agizo, wala si zawadi ya walio na nafasi, basi mtu ambaye nyumba yake ndiyo mahali pake pa kazi hawezi kulitimiza kikamilifu akiwa nyumbani. Mfanyakazi wa ofisi hupumzika kwa kurudi nyumbani, na mwalimu kwa kufunga shule. Mwenye jiko, ng'ombe wa kukamua na mashina elfu kadhaa ya chai hana mlango wa kufunga. Akikaa, macho yake huona kuni zilizopungua. Kwa mtu huyo, kuondoka ndiyo namna ya kupumzika iliyo wazi zaidi, na pengine ndiyo pekee.

Falsafa ya Wagiriki ilifika karibu na wazo hili kisha ikaligeuka. Aristotle alifundisha kwamba watu hufanya kazi ili wapate wasaa, na kwamba wasaa ndio mahali ambapo akili hufanya kazi yake iliyo bora. Neno la Kigiriki la wasaa ndilo lililozaa neno la shule katika lugha nyingi za Ulaya. Lakini wasaa aliouwazia ulikuwa wa raia wachache wa kiume, na ulibebwa mabegani mwa watumwa na wanawake. Kasoro hiyo haifuti hoja yake. Inaacha swali ambalo kila anayepumzika anapaswa kulikabili: nani anafanya kazi wakati huu ili mimi nikae?

Upinzani dhidi ya safari ya mwanamke una maandiko yake, na kisa kinachotumiwa zaidi ni cha Dina, binti wa Lea na Yakobo, katika Mwanzo sura ya 34. Dina alitoka kwenda kuwaona binti wa nchi ile. Hakwenda kutafuta mume wala kuchota maji. Alikwenda kuona wanawake wenzake. Akakamatwa na Shekemu, mwana wa mkuu wa nchi, akanajisiwa, na kaka zake wakalipiza kwa kuua wanaume wote wa mji. Kitabu chenyewe hakimlaumu Dina hata kwa neno moja. Lawama ilitoka kwa wafafanuzi. Rashi, mwalimu wa Kiyahudi wa karne ya 11, alilishika neno la kutoka na kusema kwamba binti alifuata tabia ya mama yake, ambaye naye alikuwa mtu wa kutoka nje. Bernard wa Clairvaux, abate wa karne ya 12, alimtumia kuwa mfano wa uchu wa macho, ambao kwake ulikuwa ngazi ya kwanza ya kiburi. Hivyo kosa la Shekemu lilihamishiwa miguuni mwa Dina. Uhamisho huo umedumu. Husikika bado katika mazishi na vikao vya familia, msichana akipatwa na baya barabarani na swali la kwanza likawa alikuwa akienda wapi.

Usomaji wa haki wa sura ile huona mambo mawili. La kwanza ni kwamba Dina hatajwi kuwa na wenzake, na nchi ilikuwa ya hatari. Hilo linaleta hoja ya kwenda kwa kikundi, na halileti hoja ya kubaki. La pili ni kwamba Biblia hiyohiyo inamtukuza mwanamke mwingine aliyetoka kuona. Malkia wa Sheba alisafiri kutoka mbali hadi Yerusalemu, akiwa na ngamia na manukato, ili amjaribu Solomoni kwa maswali magumu. Alitazama nyumba, vyakula mezani, namna watumishi walivyoketi na walivyovaa, akauliza yote yaliyokuwa moyoni mwake, akajibiwa, kisha akarudi nchini kwake. Katika Injili, Yesu anamtaja kuwa atakayesimama siku ya hukumu na kukihukumu kizazi kisichotaka kujifunza. Qurani nayo inasimulia kisa chake katika Sura ya An-Naml, na mapokeo ya Waislamu humwita Bilkisi. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa mwanamke aliyesafiri kwa ajili ya elimu, na vitabu vyote viwili vimeiheshimu safari yake.

Kanisa la mwanzo liligawanyika juu ya jambo hili. Gregory wa Nyssa, askofu wa karne ya 4, aliandika barua akiwashauri watawa wasihangaike kuhiji Yerusalemu. Alisema Mungu hayuko huko zaidi ya alivyo kwao, na akaongeza kwamba mwanamke hawezi safari hiyo bila mwanamume wa kumpandisha juu ya mnyama na kumteremsha, jambo linalohatarisha staha. Wakati huohuo, kati ya mwaka 381 na 384, mwanamke aitwaye Egeria, kutoka pande za magharibi mwa Dola ya Kirumi, alikuwa akizunguka Sinai, Misri, Yerusalemu na Mesopotamia. Aliandika yote aliyoyaona kwa ajili ya wanawake wenzake aliowaita dada, na sehemu ya maandishi yake iligunduliwa mjini Arezzo, Italia, mwaka 1884. Njia yake ilikuwa rahisi: akifika mahali, aliomba aonyeshwe, kisha palisomwa palepale sehemu ya Maandiko inayopahusu, wakasali, ndipo wakaendelea. Hakukimbia. Aliuliza wenyeji hata pale alipodhani anajua. Hoja ya Gregory kwamba Mungu yuko kila mahali ni ya kweli, lakini haimgusi Egeria, kwa kuwa yeye hakwenda kumtafuta Mungu kama mtu aliyepotea. Alikwenda ili alichokisoma kipate ardhi chini yake.

Waadventista wana mfano wa karibu zaidi. Ellen White, mmoja wa waasisi wa kanisa lao, alifiwa na mume mwaka 1881, kisha akaishi Ulaya tangu 1885 hadi 1887 na Australia tangu 1891 hadi 1900. Zilikuwa safari za kazi ya kanisa, na kwa hiyo zilikuwa na udhuru. Lakini mwanamke mjane aliyevuka bahari mara kadhaa ni ushahidi mzito mbele ya wale wanaosema dini yao inamfunga mama kizingitini.

Katika Uislamu, dini ya wenyeji wengi wa mji unaotembelewa, swali limejadiliwa kwa uangalifu wa kisheria. Hadithi zinamtaka mwanamke asisafiri safari ndefu bila maharimu (mume au ndugu wa karibu wa kiume), na madhehebu ya Hanafi na Hanbali yameshika sharti hilo hata kwa Hija. Wanazuoni wa Kishafii, ambao ndio wanaofuatwa pwani ya Waswahili, pamoja na wale wa Kimaliki, waliruhusu mwanamke kutekeleza Hija ya faradhi akiwa na kundi la wanawake waaminifu. Ruhusa hiyo ni ya faradhi na haiwi moja kwa moja ruhusa ya matembezi. Hata hivyo msingi wake unafundisha: kundi la wanawake wanaoaminiana linahesabiwa kuwa ulinzi halali, wenye uzito mbele ya sheria. Mwaka 2021 Saudi Arabia ilianza kuwaandikisha wanawake kwa Hija bila maharimu, mradi wawe katika kundi. Kikundi kidogo cha wanawake, kwa hiyo, ni wazo la kale lenye mizizi katika fikihi ya pwani hiihii.

Magwagwa wazo hilo lina umbo lake. Abagusii tangu zamani walilima kwa risaga, kazi ya majirani kwa zamu, na kwa vikundi vidogo zaidi viitwavyo egesangio, ambamo wachache wanaojuana hupeana siku za kazi. Chama cha siku hizi, cha akina mama kumi au kumi na wawili wanaochanga kila wiki na kumpa mmoja wao kwa mzunguko, ni mtoto wa desturi hiyo. Vyama vingi nchini Kenya hununua masufuria, kisha matangi ya maji, kisha huanza kutamani Desemba ya Mombasa. Tofauti kati ya matembezi hayo na safari ya kujifunza iko katika idadi na mwendo. Basi la watu sitini hufika usiku, hushusha watu ufukweni, hupiga picha mbele ya ngome na kurudi. Watu wanane hawahitaji kipaza sauti. Yule ambaye hajawahi kuuliza swali mbele ya watu huuliza la kwanza siku ya pili, na mwenye goti baya hapitwi.

Mwanateolojia Thomas Aquinas alitenganisha tabia mbili zinazofanana kwa nje. Moja ni bidii ya kujua, aliyoihesabu kuwa fadhila; nyingine ni uchu wa kuona, aliouhesabu kuwa kilema, kwa sababu hukusanya vitu bila kuviweka mahali popote ndani ya nafsi. Haraka hulisha ule uchu. Anayepita sehemu kumi kwa siku moja hana budi kuziona kwa juu juu, hata awe na nia njema kiasi gani. Utaratibu wa mwendo, basi, si starehe iliyoongezwa juu ya elimu. Ndio unaoamua kama ni elimu.

Kutoka Magwagwa hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 700. Tangu mwaka 2017 sehemu ya Nairobi hadi pwani inaweza kusafiriwa kwa treni mpya kwa saa tano au sita, jambo lililowafungulia njia wazee wasioweza basi la usiku. Kikundi kinachofika Alhamisi jioni hukuta juma la mji likikipangia ratiba. Ijumaa adhuhuri maduka mengi ya Mji wa Kale hufungwa na watu huelekea misikitini, mmojawapo ukiwa wa Mandhry, unaohesabiwa kujengwa mwaka 1570. Ijumaa hiyohiyo jua likitua, Sabato ya Mwadventista inaanza. Jumapili kengele za Wakatoliki na Waanglikana hulia. Siku tatu mfululizo mji mmoja unasali kwa njia tatu, na Mwadventista asiyelipa wala kuzuru kwa starehe siku ya Jumamosi analazimika kufanya jambo ambalo watalii hulisahau: kukaa. Kanisani Mombasa atawakuta Abagusii wenzake waliohamia huko, ambao watamweleza mji kuliko kitabu chochote.

Ngome ya Yesu, iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011, inahitaji asubuhi mbili. Ya kwanza huishia kwenye kuta na mizinga. Ya pili ndiyo ya maswali. Mwaka 1631 sultani Yusuf bin Hasan, aliyelelewa Goa na kubatizwa kwa jina la Jerónimo Chingulia baada ya baba yake kuuawa, aliwageuka Wareno, akaitwaa ngome na kurudi katika Uislamu. Wakristo waliokataa kuukana ubatizo wao waliuawa, na Wakatoliki wanawakumbuka kuwa mashahidi wa Mombasa. Wengine wanamkumbuka Yusuf kuwa mfalme aliyenyang'anywa baba, dini na nchi, kisha akavitwaa tena viwili kati ya vitatu. Mama Mkatoliki aliyewahi kusimama Namugongo anajua maana ya shahidi. Hapa anakutana na mashahidi ambao aliyewaua alikuwa naye amedhulumiwa, na hakuna mwongoza wageni anayeweza kumfungia hesabu hiyo. Itabidi akae nayo. Baadaye Waomani waliizingira ngome tangu 1696 hadi 1698 na kuitwaa, na Waingereza wakaifanya gereza kuanzia 1895 hadi 1958.

Ng'ambo ya daraja la Nyali kuna mambo mawili ambayo kundi la wanawake husimama nayo kwa muda mrefu. Moja ni kengele ya Frere Town, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa mwaka 1875, ambayo ilipigwa kuwaonya watu dhidi ya wateka watumwa. Mtaa bado unaitwa Kengeleni. La pili ni kaburi la Rosine Krapf. Alifika Mombasa na mumewe, mmisionari Johann Ludwig Krapf, mwaka 1844, na Julai ya mwaka huo alikufa kwa homa baada ya kujifungua. Mtoto wake wa kike alifuata. Vitabu vya historia ya kanisa humtaja katika nusu ya sentensi, kabla ya kuendelea na kazi za mumewe. Mwanamke anayejua uzazi wa mbali na hospitali huisoma nusu hiyo ya sentensi kwa namna ambayo hakuna profesa anayeweza kumfundisha. Ni mwaka huohuo ambapo Krapf, akisaidiwa na kadhi wa mji, alianza kukitafsiri kwa Kiswahili kitabu cha Mwanzo, kilekile chenye habari za Dina.

Mapokeo ya Mombasa yenyewe humweka mwanamke mwanzoni. Kabla ya Shehe Mvita, aliyeupa mji jina lake la kale, inasimuliwa kwamba alitawala malkia Mwana Mkisi. (Mfanano wa jina lake na Kisii ni wa sauti tu, lakini akina mama wa Nyamira hawalisikii bila kusogea karibu.) Na ushahidi wa kila siku umekwisha kufika Magwagwa miaka mingi kabla ya safari: leso. Leso inayofungwa kiunoni wakati wa kuchuma chai na kumbebea mtoto mgongoni huwa na maneno ya Kiswahili cha pwani, na nyingi ziliuzwa na nyumba ya Kaderdina Hajee Essak, iliyoanza biashara Mombasa mwaka 1887 na kujulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla. Mwanamke aliyevaa maneno hayo maisha yake yote akifika katika mtaa yanakochaguliwa, akawasikia wanawake wakibishana juu ya leso ipi inafaa kumpelekea wifi na ipi italeta ugomvi, hugundua kwamba amekuwa akivaa barua. Hilo ni somo la fasihi, na kulipata kunahitaji mchana mzima wa kukaa dukani.

Liko pia jambo ambalo wanawake peke yao ndio wanaoweza kulijua. Mji wa Kale una sehemu ya nje na ya ndani. Nje ni mabaraza ya mawe ambako wanaume huketi na kahawa tungu. Ndani ni ukumbi wa wanawake, jiko, hina, maandalizi ya harusi, visomo. Msafara wa wanaume na wanawake huishia barazani. Kikundi cha wanawake wanane, chenye mwenyeji mmoja anayekiamini, hukaribishwa ndani, hula mahamri na mbaazi, na huulizwa maswali kabla ya kuuliza. Aliyeingia humo anajifunza kwamba elimu ya mahali hutegemea mlango ambao mtu ameruhusiwa kupita, na kwamba wasomi waliouandika mji kutoka barazani waliandika nusu yake.

Ruhusa hiyo ina masharti, na hapa maadili ya safari hupimwa. Mwenyeji si onyesho. Picha ya mwanamke aliye kichwa wazi nyumbani kwake haipigwi, wala haitumwi kwenye kundi la simu la chama. Mgeni Mkristo hufunika mabega kwa heshima, bila kujifanya mwingine. Mazungumzo juu ya dini yakitokea, na hutokea, wote wawili husema wanachoamini bila kuwindana. Methali ya kwamba mgeni huja mwenyeji apone haina maana ya fedha tu, ingawa fedha iachwe kwa wapishi na waongozaji wa mtaa badala ya kubaki yote hotelini. Mwenyeji hupona pia kwa kusikilizwa na mtu asiye na haraka ya kuondoka.

Linabaki swali la Aristotle, na kwa Magwagwa lina sura ya mkamwana. Mama akienda Mombasa siku sita, majani ya chai hayasubiri; mzunguko wa kuchuma ni wa siku saba hadi kumi na nne, na yakikomaa kupita kiasi kituo huyakataa. Ng'ombe hukamuliwa asubuhi na jioni. Kama mzigo huo wote utamwangukia mke wa mwanawe mwenye mtoto mchanga, basi Sabato ya mmoja imekuwa utumwa wa mwingine, na amri iliyomtaja mjakazi kwa jina imevunjwa. Vyama vinavyolitazama jambo hili mapema hulitatua kwa njia ileile ya egesangio. Nusu ya chama husafiri mwaka huu na nusu hubaki ikichuma mashamba ya waliosafiri, na mwakani hubadilishana. Waume nao hupangiwa maziwa. Wengine huingiza wakamwana katika mchango tangu mwanzo, ili zamu yao iwe na tarehe iliyoandikwa katika daftari la mweka hazina.

Waliokwenda hurudi na deni la kusimulia. Egeria aliwaandikia dada zake. Wa Magwagwa huketi Jumapili alasiri na wale waliowachumia chai, leso mpya zikapita mkono hadi mkono, yakasomwa maneno yake, na habari za Rosine, za Yusuf na za ukumbi wa ndani zikaelezwa kwa Ekegusii kwa mara ya kwanza. Wasikilizaji huuliza mambo ambayo wasafiri hawakuyafikiria: kengele ile ilipigwa na nani, mtoto wa Rosine aliitwa nani, yule mwenyeji atakuja lini. Maswali huandikwa, na kundi la pili huondoka nayo.